Gia inayoyumba katika pikapu ya zamani: Si lazima giaboksi ishushwe

MIONGONI mwa mambo yanayowasumbua wamiliki wa pikapu za zamani ni mkono wa gia uliolegea. Dereva hukishika kirungu, akakisukuma kutafuta gia ya tatu, akajikuta ameingia ya kwanza. Akikivuta kutafuta ya nne, hawezi kujua kama imeingia mpaka aachie klachi na kusubiri jibu la injini.

Katika baadhi ya magari mkono huo huchezacheza hata gari likiwa ndani ya gia, kiasi kwamba abiria aliyekaa katikati hulazimika kukunja magoti kila dereva anapotaka kubadili.

Hali hiyo ikishazoeleka, mwenye gari huanza kuiona kuwa ni tabia ya gari lake. Anayeazimwa hupewa maelekezo marefu ya wapi pa kuitafuta gia ya pili na namna ya kuikwepa ya kurudi nyuma, na akirudi salama husifiwa kuwa ni dereva hodari.

Siku mwenye gari anapoamua kulipeleka gereji ndipo hofu inapoanza. Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba giaboksi imekwisha, hivyo ishushwe na kufunguliwa, au inunuliwe nyingine iliyokwisha kutumika. Kwa mtu anayeitegemea pikapu kupeleka mboga sokoni au kubeba saruji kutoka duka la vifaa vya ujenzi, jibu hilo lina maana ya gharama kubwa na siku kadhaa bila kipato.

Hata hivyo, katika pikapu nyingi zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990, chanzo cha ulegevu huo huwa ni kipande kidogo cha plastiki ambacho hubadilishwa kupitia ndani ya gari, bila mtu kuingia uvunguni.

Mfano ulio karibu na wengi ni Toyota Hilux. Gari hilo lilianza kutengenezwa nchini Japan mwaka 1968, na matoleo yake ya mwaka 1983 hadi 1988 na yale yaliyofuata hadi mwaka 1997 bado yanaonekana yakifanya kazi katika miji ya Afrika Mashariki, mengine yakiwa yamebadilishwa injini zaidi ya mara moja.

Katika Hilux nyingi za matoleo hayo mkono wa gia hautumii nyaya wala fito za kuunganisha kama ilivyo katika magari mengi madogo ya siku hizi. Unatoka kwa dereva, unapita kwenye tundu la sakafu na kuingia moja kwa moja juu ya giaboksi.

Karibu na mwisho wake wa chini kuna sehemu ya duara mfano wa goroli kubwa, ambayo hukaa ndani ya kikombe cha plastiki. Hapo ndipo mkono unapogeukia: kirungu kikienda mbele, ncha ya chini huenda nyuma, kirungu kikienda kushoto, ncha huenda kulia.

Ncha hiyo nayo imevikwa kofia ndogo ya plastiki ambayo mafundi huiita bushi. Ncha pamoja na bushi yake huingia katika shimo la chuma kilichomo ndani ya giaboksi, na chuma hicho ndicho kinachozisukuma fito zinazoingiza na kutoa gia.

Watengenezaji waliweka plastiki mahali hapo kwa makusudi. Huzuia mtetemo wa giaboksi usipande hadi mkononi mwa dereva, huondoa kelele ya chuma kugongana na chuma, na zaidi ya yote, ndiyo inayokubali kulika ili chuma kisilike. Ni spea iliyokusudiwa kufa kwanza.

Kasoro ni kwamba wengi hawajui kuwa ipo. Gari hubadilishiwa oili, breki, klachi na hata injini, lakini bushi ya mkono wa gia hubaki ileile iliyotoka nayo kiwandani miaka 30 iliyopita. Joto la giaboksi huikausha na kuifanya ngumu, kisha hupasuka na kuanguka vipande vipande. Ikiwa mpira unaofunika tundu la sakafu umechanika, vumbi na maji ya matope huingia na kuharakisha kazi hiyo.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini tatizo dogo huko chini huwa kubwa mkononi. Ikichukuliwa kwamba kutoka kwenye goroli hadi ncha ya chini ni sentimita 5, na kutoka kwenye goroli hadi kirungu ni sentimita 40, kila uwazi wa milimita moja kule chini huwa milimita 8 huku juu. Bushi iliyolika milimita 2 peke yake humpa dereva ulegevu wa milimita 16. Kikombe cha juu nacho kikiwa kimelika, ulegevu huo huongezeka, na hapo kirungu kinaweza kutoka kwenye njia ya gia ya tatu na nne hadi kwenye njia ya kwanza na pili bila dereva kuhisi kitu chochote.

Jambo hilo si la usumbufu tu. Dereva anayeteremka mlima Kitonga, mkoani Iringa, akiwa na mzigo, huhitaji gia ndogo ili injini imsaidie kulizuia gari. Akiitoa gia ya nne na kuikosa ya tatu, gari hubaki nyutro huku likiongeza mwendo, na uzito wote huhamia kwenye breki.

Breki zikitumika mfululizo hupata joto, na zikishapata joto kupita kiasi nguvu yake hupungua. Kadiri dereva anavyohangaika kuitafuta gia kwa mkono mmoja, ndivyo mwendo unavyozidi na ndivyo gia inavyokuwa ngumu kuingia.

Kinyume chake nacho kina hatari. Aliyeitaka ya tatu akaipata ya kwanza, kisha akaachia klachi gari likiwa katika mwendo, hulazimisha injini izunguke kuliko uwezo wake, na magurudumu ya nyuma yanaweza kugoma ghafla. Katika barabara yenye changarawe au iliyolowa, gari linaweza kugeuka na kutazama lilikotoka.

Kupima kabla ya kufungua

Pamoja na hayo, si kila gia inayosumbua ni bushi. Ni vyema mwenye gari akafanya vipimo vichache yeye mwenyewe kabla hajakubali au kukataa ushauri wa fundi, kwani vipimo hivyo havihitaji chombo chochote.

Kwanza injini izimwe, hendibreki ivutwe, na mkono wa gia uwekwe nyutro. Ukisukumwa kushoto au kulia kisha ukaachiwa, unapaswa kurudi wenyewe katikati, kwenye mstari wa gia ya tatu na ya nne. Baada ya hapo gia ya tatu iingizwe na mkono ujaribiwe tena. Gia ikiwa ndani, mkono unapaswa kutulia na kucheza kidogo sana. Ukizunguka kama mwiko ndani ya sufuria ya uji, kosa lipo kwenye bushi au kikombe chake.

Iwapo mkono ni mgumu gari likiwa limesimama, lakini huruka mbele na nyuma dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, mashaka yahamie kwenye mipira inayoshikilia injini na giaboksi. Mipira hiyo ikikatika, giaboksi nzima husogea na kuuvuta mkono pamoja nayo. Katika hali hiyo gia inaweza hata kuchomoka yenyewe, na kubadilisha bushi hakutasaidia kitu.

Gia zinazolia ni suala jingine kabisa. Hapa injini iwashwe, klachi ikanyagwe hadi mwisho, dereva asubiri sekunde chache, kisha aingize gia ya kurudi nyuma taratibu. Ikilia hata baada ya kusubiri, maana yake klachi haiachii sawasawa. Cha kuangaliwa ni mafuta ya klachi kama yamepungua, na kama silinda ya juu iliyo nyuma ya pedeli au ile ya chini kwenye giaboksi inavuja.

Gari linaloanza kuwa na gia nzito asubuhi moja, baada ya jana yake kuwa zima, mara nyingi lina tatizo la aina hiyo. Bushi hailiki kwa usiku mmoja, ingawa inaweza kupasuka ghafla ikiwa imekwisha kukauka.

Lakini gia moja tu ikilia, tuseme ya pili wakati wa kupunguza mwendo, huku nyingine zote zikiingia vizuri, pete ya shaba inayolinganisha mizunguko ya gia hiyo kabla haijaingia itakuwa imelika. Vivyo hivyo kwa gia inayochomoka wakati mipira yote ni mizima. Hapo fundi anayesema giaboksi ishushwe hasemi uongo, na mwenye gari atakuwa anapoteza fedha akimlazimisha ahangaike na bushi.

Kazi yenyewe

Kwa gari ambalo vipimo vimeonyesha kuwa tatizo ni ulegevu wa mkono, kazi ya kubadilisha bushi huchukua muda usiozidi saa moja kwa mtu aliyewahi kuifanya, na asubuhi moja kwa anayejifunza. Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi, spana chache, kitambaa safi na grisi.

Gari husimamishwa mahali tambarare, magurudumu yakawekewa vizuizi na gia ikawa nyutro. Kirungu hufunguliwa kwa kukizungusha kinyume cha saa. Kisha huondolewa plastiki iliyozunguka mkono, zulia, na bamba dogo linaloubana mpira wa juu kwenye sakafu. Chini yake kuna mpira mwingine, nao husukumwa juu ya mkono hadi utoke.

Kabla ya kwenda mbele, sehemu yote inayozunguka shina la mkono isafishwe. Hatua hii hurukwa na wengi wenye haraka. Mchanga wa miaka mingi umejazana hapo, na ukidondoka ndani ya giaboksi utakwenda kwenye oili na kuzila beringi, jambo litakalougeuza ukarabati wa bei ndogo kuwa wa bei kubwa.

Baada ya usafi huonekana kifuniko cha chuma chenye springi chini yake. Katika Hilux nyingi kifuniko hicho hakina boliti. Hufunikwa kwa kitambaa, kikakandamizwa chini kwa nguvu, kikazungushwa kinyume cha saa hadi meno yake yatoke kwenye nafasi zake, kisha kikainuliwa. Mkono wote hutoka pamoja nacho. Zipo giaboksi nyingine ambazo mkono hushikiliwa kwa boliti au kwa ringi ya chuma inayotolewa kwa koleo, kwa hiyo anayeona kifuniko hakizunguki asikipige nyundo kabla hajatazama vizuri.

Tundu lililoachwa wazi lifunikwe mara moja kwa kitambaa safi. Nati ndogo iliyodondoka humo ndiyo inayoweza kuifanya giaboksi ishushwe kweli.

Mwenye gari akiutazama mkono uliotoka, mara nyingi atakuta ncha ya chini ikiwa tupu, chuma kikiwa kimeng'aa kwa kusuguana, au ikiwa na mabaki ya bushi yenye rangi ya kahawia na ufa pembeni. Vipande vilivyobaki ndani ya shimo ni lazima vitolewe. Sumaku haisaidii hapo kwa sababu ni plastiki. Waya uliopakwa grisi nzito nchani huvinasa vizuri zaidi.

Bushi mpya huwa ngumu kuvaa. Ikiwekwa katika maji ya moto kwa dakika chache hulainika na kuingia kwa kusukumwa kwa kidole gumba, ambapo ikipigwa kwa nyundo hupasuka kabla haijaanza kazi. Kikombe cha juu nacho kibadilishwe wakati huohuo. Kubadilisha kimoja na kuacha kingine ni kufanya nusu ya kazi, kwani mkono utaendelea kucheza mahali pa pili.

Sehemu zote mbili hupakwa grisi, mkono ukarudishwa kwa kuhakikisha ncha imeingia ndani ya shimo lake, na vishikizi vya pembeni vimekaa kwenye mifereji yake. Kifuniko hukandamizwa na kuzungushwa upande wa saa hadi kijifunge. Kabla ya kurudisha mpira na zulia, gia zote zijaribiwe injini ikiwa imezimwa, pamoja na ya kurudi nyuma.

Pikapu zenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne zina mkono wa pili, mfupi, kwa ajili ya kazi hiyo. Nao una kikombe na bushi za aina hiyohiyo, na kwa kuwa zulia limekwisha kuondolewa, ni busara kuutazama wakati huo.

Iwapo vipande vikubwa vya bushi ya zamani havikuonekana, ni salama zaidi kumwaga oili ya giaboksi na kuweka nyingine. Anayefanya hivyo aanze kwanza kufungua nati ya kujazia iliyo ubavuni, na si ile ya kumwagia iliyo chini. Wapo waliokwisha kumwaga oili yote ndipo wakagundua kwamba nati ya kujazia imeshika kutu na haifunguki, gari likabaki pale pale.

Oili iliyomwagika ina habari zake. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni jambo la kawaida katika giaboksi ya umri huo, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni dalili kwamba ndani kuna meno au beringi iliyovunjika. Kuhusu aina ya oili, cha kufuatwa ni kitabu cha gari. Si kila oili inayofaa kwenye difu inafaa kwenye giaboksi, kwa sababu baadhi huwa na utelezi unaozizuia pete za shaba zisifanye kazi yake.

Spea na viraka

Ugumu wa kazi hii mara nyingi huwa ni kuipata bushi inayolingana. Hilux za umri mmoja zinaweza kuwa na giaboksi tofauti kulingana na injini. Kibati cha chuma kilichobandikwa na kiwanda katika chumba cha injini huonyesha alama ya giaboksi kwenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, lakini kwa kuwa magari mengi yamekwisha kubadilishiwa giaboksi, njia ya uhakika ni kuutoa mkono kwanza na kwenda nao dukani, iwe Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi.

Inapokosekana ndipo viraka huanza. Wapo wanaovika ncha kipande cha tyubu ya baiskeli, wengine huzungushia ngozi au waya. Gia hukaza kwa siku chache, kisha mpira huloa oili, huvimba na kukatika, na vipande vyake huingia kulekule ambako ya kwanza iliingia. Kiraka cha namna hiyo kinafaa kumfikisha aliyeharibikiwa njiani, si zaidi.

Walio bora ni mafundi wa kukereza, ambao huweza kuchonga bushi kutoka kwenye nailoni ngumu kwa kipimo cha ncha iliyopo. Wengine huchonga ya shaba. Hiyo hudumu sana, ila mtetemo na mlio wa giaboksi hupanda hadi kwenye kirungu, na kwa safari ndefu mkono wa dereva hufa ganzi. Kununua mkono mzima kutoka kwa wauza magari chakavu husaidia mara chache, kwa kuwa nao huja na bushi yenye umri uleule.

Kwa pikapu zenye gia kwenye usukani, kama zilivyokuwa Peugeot 404, maelezo haya hayatumiki moja kwa moja. Huko mkono huunganishwa na giaboksi kwa fito zinazopita upande wa injini, na ulegevu hutokana na kulika kwa viungo vya fito hizo. Kanuni hata hivyo ni ileile: viungo vya nje vikaguliwe kabla giaboksi haijaguswa.

Katika Hilux, baada ya bushi mpya, huenda mkono ukakaza lakini ukawa haurudi katikati ukiachiwa. Hali hiyo hutokana na springi mbili ndogo zilizo pande mbili za nyumba ya mkono, kuchoka au kukatika. Nazo hubadilishwa kutoka nje, ingawa nafasi ya kuzifikia ni finyu na pengine fundi atalazimika kulishusha kidogo boriti la chuma linaloibeba giaboksi kwa nyuma.

Tabia ya dereva pia ina mchango. Anayeendesha huku mkono wake umelala juu ya kirungu huzisukuma muda wote sehemu zinazozunguka ndani, akazilisha bure pamoja na bushi.

Na bushi mpya ikiharibika ndani ya miezi michache, ncha ya mkono yenyewe itazamwe. Ikiwa ilisuguana na chuma kwa muda mrefu, haitakuwa duara tena, bali itakuwa imebonyea upande mmoja, na kila bushi itakayovikwa itapasuka mahali palepale. Hapo mkono hupelekwa kwa fundi wa kukereza, ncha ikaongezwa chuma kwa kuchomelea na kukerezwa upya hadi irudie kipimo chake, kisha ndipo bushi nyingine inunuliwe.